Agano la Mizigo Arobaini

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba wafalme wote wa Ulaya wamezaliwa na mwanamke mmoja, na kwamba mwanamke huyo bado yu hai. Tena sikuamini kimyakimya, niliamini nikahubiri. Nilijua hata umri wake, miaka mia tatu na mvua moja. Nilijua ni mnene kiasi cha kukalia kisiwa kizima peke yake, na kwamba kila mwaka Mdachi, Mwingereza, Mfaransa, Mbelgiji na Mreno humwendea wakiwa wamejipanga kwa umri, kila mmoja akalamba uji kwenye kiganja chake. Aliyemfanyia nduguye hila katika biashara, au aliyesogeza mpaka kinyemela, bibi humlaza gotini, mfalme mzima na masharubu yake, akamfinya paja mpaka aombe radhi. Bendera zao mbalimbali hazikunisumbua. Kwani ndugu wawili hawawezi kuvaa kanzu za rangi mbili?

Msinicheke upesi. Habari hii niliipata shuleni.

Ilikuwa shule ya usiku, ya watu wazima, nyuma ya boma la Morogoro, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, reli ilipokuwa imefika mjini na kuanza kunyoosha shingo kuelekea Mkata. Mchana tulilima na kubeba. Jua likitua tulikaa juu ya magogo tukafundishwa kusoma na mwalimu wa kutoka pwani, mtu mwenye kiboko kirefu hata akisimama Morogoro angeweza kumchapa mwanafunzi aliye Kilosa. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mnene, nywele zimemwagika mabegani, kofia ya chuma kichwani, ngao mkononi. Mwalimu hakutueleza ni nani. Yeye alikuwa na a, e, i, o, u zake, mambo ya wanawake hayakumhusu. Ila jirani yangu wa gogo, mpagazi aliyekwisha kufika Bagamoyo mara mbili, aliniinamia sikioni akasema, "Huyo ndiye mama yao. Wote." Basi. Nikamaliza shule nikiwa najua kusoma barua, kuandika jina langu bila kutoka jasho, na siri ya Ulaya.

Siri hiyo ilinikaa vizuri kwa sababu mimi ni Mluguru. Kwetu milimani mtu ni wa mama yake. Baba anapendwa, anapikiwa, lakini ukoo ni wa mama, ardhi ni ya ukoo, na anayeigawa ni mjomba. Watoto wa tumbo moja wakigombea shamba, mjomba huwanyang'anya wote, wakabaki wanatazamana. Kwa hiyo nilipoambiwa wafalme wa Ulaya ni tumbo moja, kila kitu kilininyookea. Ndiyo maana walikaa pamoja wakaigawana nchi yetu bila kurushiana hata kijiko. Ndiyo maana wametushinda. Wao wana mama, sisi tuna majirani.

Na majirani wetu, jamani! Tulikuwa pande tatu tuliozunguka mji ule. Kulikuwa na sisi wa juu, milimani. Kulikuwa na watu wa Mlali, pale mlima unapokunjua magoti. Na kulikuwa na watu wa bondeni, upande wa Ngerengere. Sisi tuliwaita wa bondeni vyura. Wao walituita nyani. Wa Mlali tuliwaita kitovu, maana wako katikati na hawana kazi. Ingekuwa utani tungecheka na kuzikana. Lakini hatukuwa watani. Tuligombana juu ya maji, juu ya mbuzi, juu ya nani atandike mkeka wapi siku ya gulio. Nilimwona mzee mmoja wa Mlali akimwaga kibuyu cha pombe yake mwenyewe ardhini kwa kuwa mtu wa kwetu alikiomba.

Mwaka ninaosema, kiangazi kikielekea mwisho, akida alituita sote kwenye uwanja wa boma. Akida huyu alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Mdachi kutusimamia, kanzu nyeupe mno, sauti ndogo kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Hakuwahi kupaza sauti. Hakuwa na haja.

"Kambi ya reli inataka posho," alisema. "Mahindi na maharage. Kila upande utaleta. Upande utakaoleta kidogo kuliko wenzake utatoa watu ishirini waende kwenye tuta la reli, wakae huko mpaka mvua ziishe. Pande mbili zitakazozidi, zitabaki nyumbani kulima. Mimi sina upendeleo. Shindaneni."

Akatabasamu, akaingia ndani.

Sasa nieleze kilichonibana. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa jumbe wa upande wetu, na siku ileile alitengeneza orodha ya watu ishirini, endapo tutashindwa. Jina la kwanza lilikuwa langu. Sikuwa na mke, nilikuwa na mgongo mpana, tena nilisoma, kwa hiyo hata orodha yenyewe niliiandika mimi. Hebu fikirini: mtu anaandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa juu ya karatasi ya kumpeleka kuvunja mawe! Lakini tuta si lililoniogopesha. Mwezi uliotangulia mjomba alikuwa amenipa shamba, shamba langu la kwanza, kipande cha kando ya mto chenye udongo mweusi mtamu hata ungeweza kuula kwa chumvi. Na sheria ya ukoo ni moja: shamba ulilopewa usipolipanda mvua za kwanza, linarudi kwa mjomba, anampa mwingine. Mtoto wa mama mkubwa alikuwa ameshaanza kupita pale kila asubuhi, eti anatafuta kuni. Kuni, kwenye udongo mtupu!

Nikamwambia mjomba, "Tusishindane."

"Tufanyeje? Tulale?"

"Tulingane. Pande zote tatu tulete sawasawa. Hapo atakayeleta kidogo ni nani?"

"Hayo umeyatoa shule?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi nenda ukawaambie vyura. Wakikupiga usinitaje."

Tulikutana Mlali, kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku. Msemaji wa pale alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, mtu wa kukohoa kabla ya kila neno ili umsubiri. Wa bondeni walimtuma mzee mmoja mwenye miguu mirefu na ulimi mrefu zaidi.

"Shikamooni, wazee wangu," nilisema.

"Marahaba, nyani," akajibu mzee wa bondeni. "Umeshuka? Mkia umeuacha wapi?"

"Nimeuanika kwenu, babu. Kwetu juu hakuna mbu wa kuulinda."

"Semeni upesi," akakohoa wa tumbaku. "Nyinyi wa juu mnatuletea maji machafu, nyinyi wa chini mnatuletea homa. Siwataki hapa mpaka adhuhuri."

Nikawaeleza. Mizigo arobaini kila upande, si zaidi, si pungufu. Akida atatazama huku, atatazama kule, hatamwona wa mwisho, na sote tutarudi mashambani. Walisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya mbuzi aliyeibwa.

"Na nikileta arobaini, wewe ukaleta arobaini na moja?" akauliza wa bondeni. "Mimi nimekuwa wa mwisho, wewe unalima. Unanionaje?"

"Sitaleta."

"Babu yako alisema hivyohivyo juu ya mfereji."

Hapo ndipo nilipomtoa bibi wa Ulaya. Niliwaeleza kisiwa, uji, goti, kufinywa. Niliongeza na mengine yaliyonijia palepale: kwamba siku moja Mfaransa alifinywa mpaka akatema pete ya dhahabu, kwamba Mwingereza hulala upande mmoja hadi leo. Wa tumbaku akasahau kukohoa. Niliwaambia, "Wale wametutawala kwa sababu wana mama mmoja. Sisi tumekalia kuitana vyura."

Kisha mzee wa bondeni akasema, "Sawa. Wao anawafinya bibi. Sisi atatufinya nani?"

Ndipo tulipoamua kutafuta mama wa pande tatu. Na papo hapo ugomvi ukaanza upya, kwa sababu kila upande ulitaka mama atoke kwake. Sisi wa juu tulisema mama hukaa juu. Wa bondeni walisema mto wowote humalizikia kwao, basi na mama vilevile. Wa Mlali walisema wao wako katikati, na tumbo liko katikati. Tulitukanana mpaka kivuli kikahama kibanda. Mwishowe wa tumbaku akataja mwanamke mmoja tuliyemjua sote: mfinyanzi wa vyungu, amezaliwa kwetu milimani, akaolewa bondeni, akafiwa, akaolewa Mlali, akafiwa tena. Hakuna upande uliompenda. Kwa hiyo hakuna uliomkataa.

Tulimkuta kwenye shimo la udongo, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnataka chungu?"

"Tunataka mama," nilisema.

"Wa kwenu amekufa?"

Nikamweleza habari yote. Nilipofika kwenye mizigo arobaini aliacha kukanda. Nilipofika kwenye watu ishirini wa tuta aliinuka kabisa.

"Nina wajukuu pande zote tatu," alisema. "Upande wowote utakaoshindwa, atakayekwenda ni wangu. Nitakuwa mama yenu. Lakini sikilizeni, enyi watu wenye mikono mirefu. Nitapita kwenye ghala zenu siku moja kabla. Kila kanda la ukili lenye mahindi nitalipiga kiganja changu chenye udongo. Makanda arobaini, viganja arobaini. Lisilo na kiganja changu halifiki boma. Atakayenidanganya nitamvua nguo kwenye gulio."

Tuliapa mbele yake, kila mmoja akila kipande cha udongo ule mbichi. Ulikuwa na ladha ya sufuria ya jirani. Nilirudi mlimani nikikanyaga mawingu. Nilijiona nimeunda Ulaya nzima kwa siku moja.

Bibi alifanya alivyosema. Alipanda kwetu kwa miguu yake, akapiga kiganja kila kanda: kiganja kidogo, cheupe, kidole cha shahada kimepinda kwa kuungua zamani. Akahesabu, akashuka bila kunywa maji. Kiganja cha arobaini kilipokauka, moyo wangu ukaanza kuniuma.

Nilikuwa nikiwaza hivi. Mzee wa bondeni ataleta arobaini? Yule mwenye ulimi ule? Hapana. Ataleta arobaini na tano, sisi tutakuwa wa mwisho, jina langu ni la kwanza, na mtoto wa mama mkubwa atapata kuni zake. Basi nikamwendea mjomba.

"Tubebe ziada kidogo. Tuifiche kwenye migomba karibu na boma. Wenzetu wakitimiza ahadi, tutairudisha. Wasipotimiza, tunayo."

"Umekula udongo," mjomba alisema.

"Nimekula udongo wa arobaini. Hii si mizigo, ni akiba."

"Na hiyo akiba iko wapi? Ghala imebaki na mavumbi."

Nilitazama juu, kwenye dari la jikoni, ambako mahindi ya mbegu hufukizwa moshi mpaka siku ya kupanda. Pale palikuwa na mbegu za shamba langu.

Mjomba alifuata macho yangu. Akatikisa kichwa. "Mbegu ni zako," alisema. "Na aibu ni yako. Mimi sikuona."

Nilipata makanda sita. Na ili yafanane na mengine nilichukua udongo mweupe nikapiga kiganja changu mwenyewe, nikikunja kidole cha shahada kwa ustadi wote niliojifunza shuleni.

Siku ya siku tulishuka alfajiri, msafara mrefu, kichwa chake kikiingia Morogoro mkia ukiwa bado unafunga mlango nyumbani. Akida alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. Wa Mlali wakaweka makanda yao: arobaini. Wa bondeni wakaweka: arobaini. Tukaweka sisi: arobaini. Viganja vyeupe mia na ishirini vilimtazama akida kama watu waliokatazwa kusema. Bibi alikuwa amekaa kando ya njia na fimbo yake.

Akida alishuka. Akazunguka rundo la kwanza, la pili, la tatu. Tabasamu lilimfifia usoni taratibu.

"Mmelingana," alisema.

Na niwaambieni, kwa muda wa kumeza mate mara moja, agano letu lilisimama. Nimeishi miaka mingi, nimeona gari moshi, nimeona bwana mkubwa akianguka kwenye punda, lakini sijaona kitu kizuri kama yale marundo matatu yaliyolingana.

Akida akarudi kwenye kiti chake. Akakunja kanzu vizuri. "Basi," alisema kwa kile kisauti chake, "tungoje kidogo. Labda kuna aliyesahau kitu njiani."

Akangoja. Jua likapanda. Nikamtazama mzee wa bondeni; macho yake yalikuwa yakienda kwenye kichaka cha matete, yanarudi, yanakwenda. Nikajua. Naye akanitazama mimi, akayafuata macho yangu mpaka kwenye migomba. Akajua.

Ningesubiri. Hata leo najiambia, ungesubiri, mwanangu, angechoka yeye. Lakini niliuona ule udongo mweusi wa kando ya mto, nikaona mguu wa mtoto wa mama mkubwa juu yake, nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi.

Vijana wetu wakatoka migombani na makanda sita. Hawajafika hata katikati ya uwanja, matete ya wa bondeni yakapasuka, yakatoka makanda tisa. Wa tumbaku akakohoa mara moja tu, na kutoka nyuma ya duka la Mhindi yakaja ya Mlali kumi na mawili, yakiwa juu ya punda kabisa!

"Mwongo!" nilimwambia mzee wa bondeni.

"Nani alipiga mluzi, nyani we? Nani?"

"Ulikuwa umeficha tisa!"

"Wewe ulikuwa umeficha sita. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua kuiba!"

Bibi alikuwa ameshafika. Aliweka kiganja chake juu ya kiganja kwenye kanda langu. Chake kilizama katikati kama kifaranga ndani ya kiota cha bata. Akaenda kwenye yale ya bondeni, ambayo kidole cha shahada walikipinda upande usio wake. Yale ya Mlali hata hawakujisumbua kupiga viganja.

"Mama yenu mimi?" alisema, naye hakupaza sauti pia. "Ningewazaa nyinyi ningewarudisha."

Hakumvua mtu nguo. Aligeuka akaondoka, na ningependa zaidi kuvuliwa.

Hapakuwa tena na wa kutuzuia. Sisi tulikuwa na arobaini na sita, tulikuwa wa mwisho. Mjomba, yule aliyesema hakuona, ndiye aliyepiga kelele kuwataka wanawake wakimbie kwa ndugu zetu wa mjini, Mwembesongo, wakaombe chochote. Wa bondeni walipoona hivyo wakatuma watu wao. Watu wa Mlali wakawaziba njia, wakapigana mieleka juu ya gunia moja la maharage mpaka likapasuka, wakaokota maharage huku wakitukanana, kila mmoja akitia ya kwake kwenye kikapu chake. Mtu wa kwetu aling'atwa bega. Mwanamke wa bondeni alimpiga mwanamke wa kwetu kwa muhogo mbichi. Mihogo ikaja, mbaazi zikaja, ndizi ambazo hakuna aliyeziagiza zikaja. Hadi alasiri pale uwanjani palikuwa na chakula cha kulisha Misri ya Firauni ile miaka saba ya njaa, na kibaki cha kuchezea.

Akida alikuwa hajatoka kitini. Aliposimama, sote tuliachiana, tukihema.

"Asanteni," alisema. "Wote mmefanya vizuri kuliko nilivyomwahidi bwana mkubwa. Bwana mkubwa alikuwa anataka watu wengi kwenye tuta, lakini hakuwa na posho ya kuwalisha, ndiyo maana niliomba ishirini tu. Sasa posho ipo."

Akatazama pande zote tatu, kwa upole kabisa.

"Kila upande, watu ishirini. Jumatatu."

Jumatatu nilikwenda. Mvua za kwanza zilinyesha tukiwa Mkata, kwenye lile bonde lenye mbu wakubwa hata ukimpiga mmoja kwa koleo, koleo linapinda. Tetesi zilinifikia kwamba mtoto wa mama mkubwa amepewa shamba la mtoni, na ameomba mbegu kwa mkwe wake. Mimi hata mbegu zangu nilizikuta kambini. Siku ya nne walitupikia ugali, na kwenye rundo la makanda matupu nyuma ya jiko nikaliona moja lenye kiganja cheupe kikubwa, kidole kimekunjwa kwa ustadi. Nilikula. Nilikuwa na njaa. Ulikuwa mtamu, unanukia moshi.

Msidhani taabu ilitupatanisha. Watu sitini wa pande tatu tulilala kwenye vibanda vitatu, tukapika kwenye mafiga matatu, na moto ukizimika kwa mmoja hakuna aliyempa kijinga cha kuwashia. Msimamizi alituona, akatugawa makundi matatu, akasema kundi litakaloshindilia kipande kirefu zaidi litapumzika Ijumaa. Basi tukaanza. Tulibeba mawe mbio. Wa bondeni wakituzidi hatua kumi, sisi kesho tunawazidi kumi na mbili. Watu walizimia. Ijumaa hiyo ya kupumzika alipumzika yule aliyeugua tu, na tuta likaenda kama limepakwa mafuta.

Palikuwa na fundi mmoja Mhindi, mtu mzima, Mwislamu, aliyesimamia kupigilia reli juu ya tuta letu. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa. Nilipangiwa kumshikia mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, kwa hiyo tulizungumza. Adhuhuri moja, baada ya swala, tulikaa kwenye kivuli cha behewa, na kule mbele yetu wa Mlali na wa bondeni walikuwa wamekamatana mashati juu ya toroli.

"Nyinyi ni watu gani?" fundi aliniuliza. "Kijiji kimoja, mlima mmoja, msikiti mmoja. Kila siku kukabana."

"Hatuna mama, fundi," nilisema. "Wenzetu wa Ulaya wana mama. Angekuwa wetu angetufinya."

"Mama gani?"

Nikamweleza. Picha ya shuleni na kofia yake ya chuma, kisiwa, uji, mstari wa wafalme, goti. Nilimweleza vizuri, na sehemu ya Mfaransa na ile pete pia. Nikamwambia ndiyo maana wao ni kitu kimoja, ndiyo maana wanashirikiana, ndiyo maana sisi tuko hapa chini na mawe.

Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akijifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta.

"Mwanamke wa ile picha hayupo," alisema. "Ni mchoro, alama ya nchi ya Mdachi peke yake. Wafalme wengine wana undugu wa kuoana, kama watu wengine, na haujamzuia hata mmoja kumvizia mwenziwe. Mimi nilitandika reli ya Mwingereza kutoka Mombasa kwenda ziwani. Alitukimbiza usiku na mchana afike kabla ya Mdachi. Sasa natandika hii ya Mdachi, naye anatukimbiza kwa sababu Mwingereza ameshafika. Hawashirikiani. Hawapendani. Wanaogopana, basi. Shika taruma."